Ulitulia Hapa Lini?

Ukisema Lobule ni kambi, utasahihishwa. Si kambi, utaambiwa, ni "settlement". Haya. Basi tulifungue hilo neno, maana liko kwenye vibao na kwenye fomu, na sisi tunaishi ndani yake.

Kitenzi chake ni "settle". Kimetoka Kiingereza cha zamani, kwenye neno lililomaanisha kiti. Ni ndugu wa damu wa "sit". Kum-settle mtu ni kumpa pa kuketi. Baadaye kikazaa maana nyingine: tope likizama likatulia chini ya maji, lime-settle, deni likilipwa, kesi ikiisha, vilevile. Yaani jambo limekwisha, halisogei tena.

Sasa mimi nauliza: kwetu kimekwisha nini? Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na viwanja tumepewa. Nchi nyingi hazifanyi hivyo. Wenyeji wa Koboko nao wanajua ukimbizi. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walivuka kuja kwetu, Zaire ya wakati ule. Nashukuru, tena sana. Lakini kiwanja hiki huruhusiwi kukiuza. Kiti cha kuazima huegemei, bwana.

Kule Kenya, wazungu waliotwaa ardhi ya nyanda za juu waliitwa masetla. Kitenzi kilekile! Wao walipata hati, sisi tunapata mgawo.

Halafu safari ya kwenda Marekani au Kanada mnaiita "resettlement". Hiyo "re" ni tena. Kutulia mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa lini?

Jirani yangu, mama mtu mzima, aliitwa kuhakikiwa. Mfanyakazi akauliza kwa Kiingereza ali-settle hapa lini. Mkalimani, kijana wetu, akatafsiri sawasawa kabisa: "Mama, ulitulia hapa lini?"

Mama akanyamaza kidogo. Akasema, "Bado."

Fomu haikuwa na nafasi ya "bado". Wakamwandikia tarehe aliyovuka mpaka.

Ndugu zetu wa mashirika, ombi langu ni dogo. Kwenye fomu ijayo ulizeni alifika lini. Hilo mama analo jibu.