Mama wa staa siyo wa kulia tu kwenye video

Wadau, leo tuongee kuhusu mama za mastaa. Staa akishinda tuzo, mama anaitwa jukwaani, analia, sisi tunajaza vikopakopa, tunaandika "mama ni mama", basi imeisha. Hakuna anayeuliza: huyu mama naye alikuwa anaimba? Alikuwa anashona? Hicho kipaji kimetoka wapi?

Mimi nimekulia Karatu. Ukishika barabara ya kwenda geti la Lodoare, kuingia Ngorongoro, unapita maduka ya vinyago na shanga. Shanga za Kimasai wanatunga akina mama. Rangi ipi ikae na ipi, mama anajua, na binti anajifunza pembeni yake. Kwetu Wairaqw, zamani kulikuwa na sketi za ngozi zilizoshonewa shanga, kazi kali balaa! Leo nyingine ziko makumbusho huko Marekani. Jina la kabila lipo, ila la mama aliyeshona usilitafute.

Hapo ndipo panaponiuma. Ukoo wa wasanii tunauhesabu kwa baba, mama tunamwekea maua.

Cheki familia ya Zawose, Wagogo wenye asili ya Dodoma waliofanya maisha Bagamoyo. Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alizunguka dunia na marimba na zeze lake, akarekodi na lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Heshima yake iko palepale. Lakini wanawake wa familia kazi yao ilikuwa kuitikia na kucheza nyuma. Mwaka 2024 Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, wakatoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, lebo ileile, wakiimba mbele na kupiga ala wenyewe. Zaidi ya miaka 20 baada ya mzee kuondoka! Ina maana kipaji kilianza 2024? Acheni utani.

Najua kuna watakaosema, "mama mwenyewe hataki umaarufu." Sawa, ila mmemuuliza? Na jina siyo umaarufu tu, jina ni hela. Kitu kisicho na jina la mwenyewe, bei anapanga mwenye duka.

Juzi nilimrekodi mama yangu akiimba huku anachambua maharage. Kabla sijaposti nikamuuliza niandike nani kaimba. Akacheka, akataja "Mama" halafu jina langu mimi, kama mtaa mzima unavyomwita. Nikamwambia hapana mama, jina lako wewe. Akanyamaza kidogo, kisha akataja jina ambalo sijasikia mtu akimwita tangu bibi afariki.

Nimeliandika hilo. La kwangu sijaliweka kabisa.