Mkono wa Kupimia Nafuu

Katika karne ya 19, misafara iliyopita Tabora ilipima nguo kwa mkono, yaani tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minane ilikuwa doti moja. Lakini mikono ya watu hailingani. Mwenye mkono mfupi aliweza kutoa doti nyingi zaidi, ingawa nguo haikuongezeka hata uzi.

Hatari iyo hiyo imo katika hojaji ya dalili. Mgonjwa kutoka Mtendeni, mjini Tabora, aweza kulalamika kwamba moyo humwenda mbio na kichwa humgonga, ilhali vipimo vya damu havionyeshi kitu. Maana dhiki ya nafsi huweza kujitokeza mwilini. Hakuna kipimajoto cha maumivu hayo. Mgonjwa huulizwa kila dalili humsumbua kiasi gani, majibu hupewa alama, na baada ya matibabu huulizwa tena. Alama zikipungua, husemwa amepata nafuu.

Kauli hiyo haitoshi. Kwanza, kipimo sharti kijaribiwe mahali kitumikapo. Hojaji ya Hopkins, yenye maswali 25, huhesabu alama kuanzia 1 hadi 4, na kikomo kilichozoeleka ni 1.75. Ilipojaribiwa kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa kikomo kilichofaa ni 1.06. Aliyeng'ang'ania kile cha awali angewaacha wengi waliohitaji msaada.

Pili, sharti pawepo kundi la kulinganishia. Katika jaribio la tiba ya vikundi kwa wenye sonona huko Masaka na Rakai, Uganda, lililochapishwa mwaka 2003, alama za waliotibiwa zilipungua kwa wastani wa 17.47. Za wasiopewa tiba hiyo nazo zilipungua, kwa 3.55. Bila kundi hili la pili, tiba ingesifiwa hata kwa nafuu isiyoileta.

Hojaji isitupwe, kwani humpa mgonjwa nafasi ya kusikilizwa. Bali iandikwe kwa maneno ayatumiayo mwenyewe, na maswali yaulizwe kwa namna ile ile mara zote mbili. Walimu nao wasiliache somo la makosa ya upimaji katika maabara ya fizikia tu. Tarakimu iliyosomwa vibaya yaweza kumrudisha nyumbani mtu ambaye bado anaumwa.