Wati 1000 za Kwenye Boksi ni Kiini Macho

Wadau, kuna staa mmoja, jina nalihifadhi, anatupigia debe spika za kompyuta eti "wati 1000". Wati zipi? Geuza boksi, utakuta PMPO, namba ya kuuzia tu. Wewe ulizia RMS. Halafu spika yenyewe inakula umeme kwa waya wa USB! USB 2.0 ni volti 5, ampea 0.5. Zidisha: wati 2.5, basi. Hizo 997 na ushee zinatoka mto Kilombero?

Mtu kauza gunia la mpunga Mofu, kapanda gari mpaka Ifakara, anarudi na mlio wa mbu. Bora yenye kisabufa na plagi ya ukutani, RMS 20 tu. Miziki, magemu, muvi, vyote freshi. Dukani ongeza sauti mpaka mwisho, ikikoroma iache hapohapo.

Na wewe staa, kama umelipwa sema umelipwa.