Wacha Droni, Shika Sauti

Nyinyi mnaoanza kushuti harusi, tuambiane ukweli: tunaharibu.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Nyamache. Nilikodi droni, nikapiga migomba na mashamba ya chai kutoka juu, nikajiona msee wa sinema. Nyanya yake bibi harusi akasimama kumbariki mjukuu kwa Ekegusii, mvua ikigonga mabati. Maiki yangu ilikuwa juu ya kamera, mita 10 nyuma. Nilichonasa ni mvua. Nikaifunika kwa wimbo wa mapenzi wa Lagos, watu wakasifu.

Mwaka uliofuata nyanya akafariki. Familia ikanipigia simu ikitaka sauti yake. Ningewapa nini, migomba?

Mtasema mteja ndiye anataka droni. Mteja hajui atakachotafuta miaka kumi ijayo. Fundi ni wewe, mwambie. Droni ni lazima isajiliwe KCAA, lakini maiki ya kubana kwenye nguo haiombi kibali. Huna? Weka simu inayorekodi kwenye mfuko wa koti la mzee. Na obokano ikipigwa, ziache nyuzi zake nane ziongee zenyewe.

Migomba bado iko. Nyanya hayuko.