Kidonda Kilichofichwa na Goti Jipya

Kijana mmoja katika wasomaji wetu ametuletea suala hili. Mama yake ni mtu mzima, ana maradhi ya sukari, na goti lake limekwisha kulika. Madaktari wameazimia kumtia goti la kutengenezwa. Siku imewekwa na jamaa wamekwisha kuchanga fedha. Sasa mama ametokwa na kidonda kidogo kidoleni mwa mguu, naye amewakataza wanawe wasimwambie daktari, kwa kuchelea siku isije ikaahirishwa. Kijana auliza: nimtii mama ninyamaze, au niseme?

Jibu letu ni kuwa aseme, tena aseme leo. Utiifu kwa mzazi ni wajibu mkubwa, lakini kumsaidia mzazi kujidhuru si utiifu. Na sababu zake ni hizi.

Goti la kutengenezwa ni madini na plastiki. Halina uhai, wala damu haipiti ndani yake. Vijidudu vya maradhi vikifika hapo hushikamana nalo, kisha hujifunika kwa utando unaovikinga na dawa na hata na nguvu za mwili wenyewe. Ndiyo maana usaha ukiingia humo, mara nyingi mgonjwa hana budi kupasuliwa tena. Na pengine goti lenyewe hutolewa, akatumia dawa wiki nyingi, ndipo akatiwa jingine.

Mpasuaji wa Kiingereza John Charnley, aliyekuwa akitia nyonga za chuma na plastiki katika hospitali ya Wrightington, aliiona khatari hii mapema. Hapo mwanzo wagonjwa wapatao 7 katika kila 100 waliingiwa na usaha. Akaisafisha hewa ya chumba cha kupasulia na kubadili mavazi ya wapasuaji, hata hesabu ikashuka chini ya 1 katika 100. Lakini usafi wa daktari peke yake hautoshi, ikiwa mgonjwa anaingia chumbani na vijidudu vyake mwenyewe.

Mambo yazidishayo khatari hii yajulikana: sukari isiyotulizwa, kuvuta tumbaku, unene uliopita kiasi, au mwili kudhoofu kwa kukosa chakula bora, dawa zinazopunguza kinga ya mwili, sindano ya kutuliza uvimbe iliyopigwa ndani ya kiungo hicho katika miezi 3 iliyotangulia, na kidonda, jipu, jino bovu au maradhi ya mkojo ambayo hayajatibiwa. Mama huyu anayo mawili kwa pamoja. Kungoja mpaka kidonda kipoe na sukari itulie si khasara. Khasara ni kupasuliwa mara mbili.

Basi kijana amwendee mama yake kwa adabu, amweleze haya, amwombe amwambie daktari kwa kinywa chake mwenyewe. Akikataa, kijana na aseme mbele yake, asiseme nyuma yake.

Siku ya kupasuliwa itakapofika, mguu usinyolewe nyumbani kwa wembe, maana wembe huacha mikato midogo inayoingiza vijidudu. Baada ya kupasuliwa, jaraha lisipakwe mafuta wala majani. Likiendelea kutoa maji kwa siku kadhaa, au wekundu ukienea, au homa ikipanda, mgonjwa arudishwe siku hiyo hiyo kwa wale waliompasua. Wala asimeze vidonge vilivyobaki kabatini, kwani huficha ugonjwa bila ya kuuondoa. Na hata miaka ikipita, jipu au kidonda chochote kitibiwe upesi, kwa kuwa vijidudu huweza kusafiri katika damu mpaka gotini.

Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana asingoje hayo.