Mwacheni Mtoto Mwenye Mashoto

Kuna imani moja tumeikumbatia kuanzia Kigwa hadi Tabora mjini, Waislamu kwa Wakristo, waliosoma na wasiosoma: kwamba mtoto anayeshika kalamu kwa mkono wa kushoto ameharibika, na lazima anyooshwe. Mama humpiga kikofi kila akinyoosha mkono huo. Bibi humfunga kitambaa. Akifika darasa la kwanza, mwalimu humalizia kwa fimbo. Wote wanaamini wanamlea. Nasema wanamtesa bure.

Wanaodai mtoto ameiga tabia mbaya waniambie amemwiga nani, ikiwa nyumba nzima inatumia kulia. Mwanasaikolojia Peter Hepper wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, aliwatazama kwa ultrasound watoto wakinyonya kidole gumba wangali tumboni, kisha akawafuatilia 75 kati yao walipofika miaka 10 hadi 12. Wote 60 walionyonya cha kulia walikuwa wakitumia mkono wa kulia. Kati ya 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa na mashoto. Tumboni hakuna wa kumfundisha mtu utovu wa adabu. Duniani karibu mtu mmoja kati ya kumi yuko hivi, kwa hiyo darasa la watoto 60 likikosa hata mmoja, ujue wenye mashoto wamekwisha kuvunjwa moyo mapema.

Najua nitajibiwa kwa dini. Sina ugomvi na mkono wa kulia kwenye sinia. Mtoto ale kwa kulia, apokee kwa kulia, asalimie kwa kulia. Hiyo ni adabu, na mwenye mashoto hujifunza adabu kama watoto wengine. Lakini kalamu imeingiaje kwenye sinia la ubwabwa? Khalifa Umar bin Khattab anatajwa katika wasifu wake kuwa alitumia mikono yote miwili. Na Wakristo wafungue kitabu cha Waamuzi: Ehudi aliyewaokoa Waisraeli alikuwa na mashoto, na sura ya 20 inawataja mashujaa 700 wenye mashoto, mafundi wa kombeo wasiokosa hata unywele.

Wengine watasema ni mila. Mila ipi? Mnyamwezi akimwamkia mkubwa kwa heshima hupiga magoti na kupiga makofi, na makofi hayapigwi kwa mkono mmoja. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipopita Kigwa mwaka 1857 wakielekea Kazeh (Tabora ya leo), na Stanley mwaka 1871, mizigo yao ilibebwa na mabega ya babu zetu. Mzigo mmoja ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na bega hili likichoka ulihamia lile. Misafara haikufika Bagamoyo kwa bega moja.

Leo pia, msimu wa tumbaku, simama karibu na bani la kukaushia uangalie watu wazima wanavyofunga. Majani mabichi yanashikwa mawili matatu, kamba inazungushwa, yananing'inizwa upande huu wa ufito, kisha upande ule. Mwenye mashoto anazungusha kinyume na jirani yake, na ufito wake ukishaingia banini huwezi kuutambua. Kazi ikiwa ya kuleta fedha, mkono hatuuulizi. Mpirani ndiyo usiseme: kijana mwenye guu la kushoto anasakwa na kila timu, na Messi tunamshangilia mpaka sauti zinakauka. Mguu tunaupenda, mkono wa mwili uleule tunauchapa.

Kulazimisha huku kulikuwapo Uingereza pia. Mfalme George wa Sita, aliyekuwa kwenye kiti Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, alizaliwa na mashoto akalazimishwa kuandika kwa kulia. Wenzetu wameachana na jambo hilo, sisi bado tumeling'ang'ania.

Mtazame mtoto aliyebadilishwa akinakili ubaoni. Penseli ameikamata kwa ngumi, anaikandamiza mpaka ukurasa unatoboka. Wenzake wako sentensi ya tatu, yeye bado neno la pili. Akili yote iko mkononi, haijabaki ya kusomea. Kisha anaambiwa ni mvivu, naye anaamini, kwa sababu ana miaka saba na aliyemwambia ni mtu mzima anayemheshimu.

Kuhusu fimbo, walimu wangu wapendwa, mnajua kanuni. Kanuni za viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sasa nionesheni kitabu ambacho mkuu wa shule ameandika kuwa mwanafunzi amechapwa kwa kuandika kwa kushoto. Mtu hawezi kuandika hivyo bila aibu, na hapo ndipo mjue kwamba fimbo hiyo haina uhalali wowote.

Ninachotaka hakigharimu hata shilingi. Kwenye dawati la watatu, mwenye mashoto akae mwisho upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Daftari alilaze kidogo kuelekea kulia, aone anachoandika na asikifute kwa kiganja. Na wazazi mkiitwa shuleni Januari, mwambieni mwalimu mapema, mbele ya mtoto mwenyewe asikie: huyu wetu anaandika kwa kushoto, na sisi tumeridhia.