SHERIA NA MWANANCHI: Mbwa wa Jirani Akikuuma

Mtu akijeruhiwa na fisi malishoni Merti, aweza kuidai Serikali. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka kiasi chenyewe: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa kilema cha kudumu, na kwa majeraha mengine si zaidi ya milioni 2, na madai hupelekwa mbele ya kamati ya kaunti. Mamba wa mto Ewaso Ng'iro naye yumo katika orodha ya wanyama hao. Lakini mtu akiumwa na mbwa alindaye zizi la jirani, hakuna kamati wala orodha. Itampasa kumdai jirani mwenyewe, mtu ambaye kesho watakutana kisimani, na huenda ni shemeji yake. Ndiyo sababu shauri la mbwa, ambalo watu huliona dogo, huwa gumu kuliko la fisi.

Tuseme binti wa miaka minane ametumwa dukani jioni. Akipita karibu na boma moja, mbwa atoka mbio na kumwuma mguuni. Watu wakusanyika. Baba ashika rungu. Mwenye mbwa aapa kwamba mnyama wake hajapata kumwuma mtu. Mzee mmoja ashauri mbuzi atolewe ili maneno yaishe usiku uleule. Baada ya saa moja mbwa amekufa, mbuzi amefungwa kamba, na mtoto amepakwa mafuta kidondani na kulazwa. Kila mmoja adhani ametenda haki. Kwa maoni yetu mambo yote matatu yamekosewa, na kosa la kumwua mbwa ndilo ambalo watu wengi hawalitambui.

Twaanza na kidonda, maana sheria yaweza kungoja ila ugonjwa haungoji. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hata leo hakijatuondokea. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba watu wapata 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka ulimwenguni, karibu wote kwa sababu ya mbwa, na kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana, kupona ni jambo la nadra mno. Lakini kabla ya hapo ugonjwa wazuilika. Kidonda na kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Twajua kwamba katika nchi kavu maji huhesabiwa kwa debe. Hata hivyo, maji ya kidonda hiki yasionewe uchungu. Kisha mtoto apelekwe hospitali siku ileile apate chanjo, ambayo kwa kawaida hudungwa siku ya mwanzo, tena baada ya siku 3, baada ya siku 7, na mara ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Kidonda kikiwa kimetoa damu, daktari aweza kuongeza dawa nyingine ya kinga inayodungwa kandokando ya kidonda chenyewe. Chanjo ikiwa imekwisha katika kituo kimoja, ulizeni kilipo kituo kingine, wala msirudi nyumbani kungoja.

Sasa habari ya mbwa. Mbwa aliyeuma, akifungwa mahali salama na kutazamwa kwa siku 10, huwa shahidi asiyesema uongo. Akiwa mzima siku ya kumi, daktari ajua kwamba mate yake hayakuwa na kichaa siku ile alipouma. Akiugua au akifa katika siku hizo, yajulikana pia, na kichwa chake chaweza kupimwa na watu wa mifugo. Aliyepigwa rungu na kutupwa porini akaliwa na fisi hasemi neno. Wala mbwa kutazamwa si sababu ya kuchelewesha sindano. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Ikiwa mnyama ameonyesha kichaa waziwazi na hafungiki, mwiteni ofisa wa mifugo upesi. Iko sheria maalum ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, nayo yamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo atoe habari. Kumficha ni kosa.

Tuje kwenye fidia. Hakuna sheria iliyoandikwa na Bunge letu isemayo kwa ufupi kwamba kila mwenye mbwa atalipa kila mbwa wake anapouma. Mahakama zetu hufuata kanuni za kale za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kuwa ndivyo ilivyoagizwa katika sheria yetu ya mwaka 1967. Waingereza wenyewe waliigeuza sheria yao ya wanyama mwaka 1971, lakini mageuzi yale hayakutufikia. Basi shauri la mbwa wa Merti bado lina asili yake katika shauri la kima: mwaka 1846 bibi mmoja wa Uingereza aliumwa na kima aliyefugwa, na majaji wakaamua kwamba mtu anayefuga mnyama huku akijua kuwa ni mkali humfuga kwa hatari yake mwenyewe. Mnyama akidhuru, mfugaji hulipa, hata akidai kwamba alijitahidi kumfunga.

Neno zito hapo ni "akijua". Mbwa huhesabiwa kuwa mnyama mpole kwa asili, kwa hiyo mdai hana budi kuonyesha kwamba mwenyewe alijua ukali wa mbwa wake. Wengine husikia hayo wakadhani kwamba kila mbwa ameruhusiwa kuuma mara moja bure. Sivyo. Kujua hakuhitaji damu ya mtu wa kwanza. Ikiwa mbwa alizoea kuwarukia wapita njia kwa nia ya kuwauma, ikiwa majirani walikuja kulalamika, ikiwa mwenyewe alikuwa akiwaonya wageni wasikaribie, hayo yote ni ushahidi wa kujua. Kwa sababu hiyo yafaa waulizwe mapema watu wengine waliofukuzwa na mbwa yuleyule, kabla hawajasahau.

Tena iko njia ya pili, nayo ni uzembe. Hapa hahojiwi mbwa bali mtu: je, mwenye mbwa alichukua hadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua? Kumwachia mbwa mkubwa huru mchana kando ya njia waipitayo watoto wa shule, hali kamba ipo, ni jambo ambalo hakimu aweza kuliita uzembe. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, yamfanya kuwa na hatia mtu anayeacha kwa uzembe kujihadhari na hatari ya mnyama aliye naye. Kwa hiyo mambo haya ni ya polisi pia. Toeni habari kituoni, iandikwe katika kitabu cha matukio, mpewe nambari yake, na mwombe fomu ya P3, ambayo polisi huitoa bila malipo, ili daktari aandike majeraha aliyoyaona.

Mwenye mbwa naye ana haki zake. Mwizi aliyeingia zizini usiku hana nguvu ya kudai kama mtoto aliyepita njiani. Mtu mzima aliyemchokoza mbwa kwa mawe aweza kunyimwa fidia, au kupunguziwa kwa kadiri ya kosa lake. Lakini mtoto hapimwi kwa akili ya mtu mzima. Udhuru mmoja tusioupenda ni huu: "Mbwa huyu si wangu, ni wa zizi tu, hujilalia hapo." Katika nchi ya Waislamu mtu aweza kuona haya kuitwa mwenye mbwa, ijapokuwa mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa. Mahakama haitatazama haya yake. Itatazama ni nani amweka mbwa yule na kumlisha, na zizi la nani hulindwa naye. Mchungaji wa kuajiriwa aliyeumwa akiwa kazini ana mlango mwingine, yaani Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, nayo humwelekea mwajiri.

Madai yaweza kufikishwa mahakamani katika muda wa miaka 3 tangu siku ya kuumwa. Ni vema kutongoja. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 iliitaja fidia ya majeraha miongoni mwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ambayo mtu aweza kuyaleta kwa mwendo mwepesi, hata bila wakili. Karani wa mahakama ya Isiolo atawaeleza penye kufungua shauri. Kinachodaiwa ni gharama za dawa na za safari, ujira uliopotea, na maumivu yenyewe pamoja na kovu. Safari ya kutoka Merti hadi Isiolo si ya bei ndogo, basi kila stakabadhi ya nauli iwekwe. Kadhi hana mamlaka katika jambo hili, kwa kuwa Katiba yamwekea mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu.

Wako watakaosema kwamba mambo ya Waborana huamuliwa na wazee, jarsa, chini ya mti, wala si na karani. Hatuwapingi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 159, yenyewe yahimiza upatanisho na njia za kimila, mradi zisivunje haki za mtu, na wazee wanaokaa kwenye baraza moja na jirani yako wanajua habari za mbwa wake kuliko hakimu atakavyojua. Tunalopinga ni ule mbuzi wa usiku wa kwanza. Kichaa cha mbwa mara nyingi hujificha mwezi mmoja mpaka mitatu, nacho kidonda cha mguu chaweza kuoza au kuacha kilema. Atakayekubali mbuzi kabla ya siku ya kumi amekubali bei ya kitu asichokijua. Usiku huo wazee waamue mambo mawili tu: mbwa afungwe na nani amlinde, na fedha ya nauli na sindano itoke mfukoni mwa nani asubuhi. Fidia yenyewe izungumzwe sindano zikiisha, iandikwe katika karatasi mbili na kutiwa sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi, na pawe na mstari usemao ni nani atakayelipa mguu ukihitaji kutibiwa tena.